Gundi kwenye glezi: namna ya kuipima inavyotiririka na inavyokauka kwa hewa ya Dodoma

Septemba moja nilichovya vikombe arobaini vya udongo asubuhi kwenye glezi, ule uji wa unga wa mawe unaoyeyuka tanurini ukawa kama kioo juu ya chombo, nikavipanga juu ya ubao uani, nikaingia ndani kunywa chai. Niliporudi glezi ilikuwa imekauka na kupasukapasuka kama tope la lambo mwezi wa kumi. Ukigusa kikombe kwa ukucha, kipande kizima kinabanduka, kimejikunja kama ganda la kitunguu. Vipimo nilikuwa nimevipata kwa fundi wa Dar es Salaam, naye anavitumia kila siku bila tatizo. Unga ule ule, gundi ile ile ya kuushikisha unga kwenye kikombe. Kilichobadilika ni hewa: kule inabeba unyevu wa bahari, huku kwetu, kuanzia Mei hadi mvua zinapoanza Novemba au Desemba, upepo unakausha hata nguo nzito kabla ya adhuhuri.

Tangu siku hiyo sichukui kipimo cha gundi cha mtu mwingine bila kukipima hapa hapa. Njia ninayotumia ndiyo hii. Inamfaa mwenye karakana ndogo, mizani ya kusoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, saa ya simu, chupa tupu za maji na vigae vya majaribio. Vaa barakoa unapopima unga mkavu, na usifagie vumbi la silika, lifute kwa kitambaa kibichi. Hilo silirudii tena.

Kinachotokea ndani ya ndoo

Glezi ni unga wa mawe unaoelea kwenye maji. Chembe za kaolini, ule udongo mweupe laini, ni ndogo sana, nyingi hazifiki mikroni chache (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Silika na feldispa, yaani yale mawe yaliyosagwa, chembe zake huwa kubwa zaidi, nyingine makumi ya mikroni, nazo ndizo zinazozama kwanza. Ukitia gundi, unaongeza kitu cha tatu: molekuli ndefu, yaani polima, zinazojinyoosha na kujikunja ndani ya maji kama nyuzi.

Aliyekulia huku anazijua nyuzi hizo bila kuambiwa. Inua kijiko cha mlenda: unakifuata, unavutika, haukatiki haraka. Ni minyororo mirefu ya sukari za mimea imeshikana na maji. Na mama anayepika anajua kwamba akitia magadi kidogo mlenda unabadilika, ingawa majani ni yale yale. Kumbuka hilo, tutalirudia kwenye maji.

Sasa, gundi ikiwa kidogo mno, mnyororo mmoja unaweza kushika chembe mbili au tatu kwa pamoja. Chembe zinafungwa madonge laini, na uji unakuwa mzito kuliko ulivyotarajia kwa gundi kiduchu namna hiyo. Ukiongeza, kila chembe inavishwa koti lake la minyororo, na makoti yanasukumana. Hapo uji unaweza hata kuwa mwepesi zaidi. Ukizidi kuongeza, gundi isiyopata chembe ya kushika inabaki majini, inayafanya maji yenyewe kuwa mazito, na inasukuma chembe zikusanyike upya. Kwa hiyo usitegemee mstari ulionyooka, kwamba gundi mara mbili ni uzito mara mbili. Siyo gundi zote zinazoonyesha ngazi hizo tatu waziwazi, lakini ukiona uji wenye gundi kidogo umekuwa mzito kuliko wenye gundi zaidi, hujakosea kupima.

Hatua ya kwanza: chagua gundi, na ujue umenunua nini

Ninayoitumia zaidi ni CMC, yaani selulosi iliyotengenezwa ili iyeyuke majini. Inapatikana madukani kwa watengeneza sabuni za maji, maana wao wanaitumia kuzitia uzito. Mara ya kwanza kwenda, dada wa kaunta aliniuliza, "Kaka, unataka ya sabuni au ya chakula?" Nikachukua ya sabuni kwa kuwa ilikuwa rahisi. Nilijuta. CMC ya daraja la sabuni inabaki na chumvi nyingi za kiwandani, na chumvi inafanya kaolini igande. Uji wangu ulikuwa mzito kama maziwa mgando, nami nikadhani nimezidisha gundi. Lipia ile safi. Kwa kilo kumi za unga wa glezi ya kuchovya unahitaji kama gramu 20 tu.

PVA (polivinili alkoholi), ile ya unga mweupe, inatoa utando mgumu na wenye nguvu, ila inataka kupashwa moto hadi nyuzi 80 au 90 ndipo iyeyuke vizuri, na inatoa povu. Halafu ina ugomvi na boraksi, ile chumvi yenye boroni. Nilitia PVA kwenye glezi iliyokuwa na boraksi, nikakoroga mara tatu, mwiko ukanyanyuka na ndoo nzima: borati inafunga minyororo ya PVA kwa pamoja, unapata jeli ya kuchezea watoto. Kama glezi yako ina boroni inayoyeyuka majini, achana na PVA.

Gundi ya mgunga, ile inayotoka kwenye miti ya huku kwetu na Singida, ni nzuri kwa kazi za kupamba kwa brashi. Minyororo yake imekunjamana kama mpira wa soksi, kwa hiyo hata ukiiyeyusha nyingi haifanyi maji kuwa mazito sana. Inashika bila kuzuia mtiririko. Wanga wa muhogo unafaa kwa dharura, ila unaoza upesi.

Hatua ya pili: maji

Maji ya visima vya Dodoma yana chumvi, kila mtu anaona birika lake linavyoota magamba meupe. Magamba hayo ni kalisi, na kalisi ni adui wa kazi hii kwa njia mbili: inakusanya chembe za udongo, na inakunja minyororo ya CMC, ambayo ina chaji hasi na kalisi ina chaji chanya. Mnyororo uliokunjwa hauongezi mnato kama ulionyooka. Ndio ule mchezo wa magadi na mlenda, umekuja ndooni kwa sura nyingine.

Tumia maji ya mvua ukiweza kuyahifadhi. Kama huna, chemsha, acha yatulie usiku kucha, mimina ya juu na uache mashapo. Kuchemsha hakuondoi chumvi zote, lakini kunapunguza sehemu ya kalisi. La muhimu kuliko yote ni kutumia maji hayo hayo kwa jaribio zima na kwa ndoo kubwa baadaye.

Hatua ya tatu: yeyusha gundi peke yake

Pima gramu 10 za CMC kwa lita moja ya maji ya moto, yasiyochemka. Usimwage yote. Nyunyiza kwa ncha za vidole huku mkono mwingine unakoroga, kama unavyotia unga wa ugali mwanzoni. Ukimwaga kwa pupa utapata mabonge yenye unga mkavu ndani, na hayo hayayeyuki hata kesho. Funika, lala nayo. Asubuhi itakuwa angavu na laini. Sasa una gundi ya asilimia 1, na kupima gramu 0.2 ya unga hakukuhusu tena: mililita 20 za maji haya zina gramu 0.2.

Hatua ya nne: tawanya unga kwanza, gundi baadaye

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea mwaka mzima. Ukitia gundi kwenye maji halafu unga, madonge makavu yanavishwa gundi kwa nje kabla hayajaachana, na hakuna kukoroga kutakakoyatenganisha. Anza na unga na maji matupu. Kama unatumia dawa ya kutawanya chembe, mfano silikati ya sodiamu, itie sasa, tone moja moja. Koroga, pitisha kwenye chekeche la matundu 80 kwa inchi, kisha ndipo gundi iingie. Dawa ya kutawanya na gundi hugombea sehemu zile zile za chembe, na aliyetangulia anakaa vizuri zaidi.

Andaa vikombe vitano. Kila kimoja gramu 200 za unga wa glezi na mililita 100 za maji. Utakuwa ugali mwepesi, vumilia. Ukishalainika, ongeza hivi:

A: hakuna gundi, maji mililita 100.
B: gundi mililita 20, maji 80. Hii ni asilimia 0.1 ya unga mkavu.
C: gundi 40, maji 60. Asilimia 0.2.
D: gundi 60, maji 40. Asilimia 0.3.
E: gundi 100, bila maji ya kuongeza. Asilimia 0.5.

Vyote vina kioevu mililita 200, kwa hiyo tofauti utakayoiona ni ya gundi, siyo ya wepesi wa maji. Hakikisha: mililita 100 za kila kikombe zipime karibu gramu 144. Kikombe kikiwa na 138 kimenasa povu au umekosea kipimo. Kiache saa moja upime tena.

Hatua ya tano: mtiririko

Kata kitako cha chupa ya maji ya nusu lita. Toboa kizibo kwa keekee ya milimita 4, safisha kingo za tundu. Geuza chupa, ziba tundu kwa kidole, jaza mililita 200, achia, hesabu sekunde hadi uzi wa uji ukatike na kuwa matone. Anza na maji matupu ili ujue chupa yako inachukua sekunde ngapi. Kila chupa ina tabia yake, na namba za chupa yangu hazikusaidii kitu.

Pima kila kikombe mara mbili. Mara ya kwanza mara tu baada ya kukoroga kwa nguvu, mara ya pili baada ya kukiacha dakika 15 bila kukigusa. Tofauti kati ya namba hizo mbili ina habari kuliko namba zenyewe. Kikombe kisicho na gundi mara nyingi kinakimbia sana kwanza, kisha kinashikana au kinazama kikitulia. Chenye gundi ya kutosha kinabaki karibu pale pale. Chenye madonge kinaganda kikitulia na kulegea kikikorogwa, jambo ambalo kwa kuchovya si baya likiwa dogo, maana glezi inasimama ukutani mwa kikombe badala ya kuteremka.

Lakini tundu la chupa linakuambia habari ya kasi moja tu. Brashi ikienda sentimeta 10 kwa sekunde juu ya tabaka la nusu milimita, uji unakatwa, yaani tabaka zake zinateleza moja juu ya nyingine, kwa kasi ya kama 200 kwa sekunde (sentimeta 10 ukigawa kwa nusu milimita). Glezi ile ile ikining'inia ukutani inavutwa na uzito wake polepole kabisa. CMC ni nyepesi chini ya brashi na nzito ikitulia, ndiyo maana wapakaji wanaipenda. Gundi ya mgunga haibadiliki sana namna hiyo. Basi baada ya chupa, chovya kidole, kisimamishe, hesabu matone. Paka mstari mmoja kwenye kigae kilichosimama uone unateremka kiasi gani. Macho yako hapa ni kipimo halali.

Mimina pia kidogo cha kila kikombe kwenye chupa angavu uziache hadi kesho. Angalia maji ya juu, kisha choma mashapo kwa kijiti. Mashapo laini yanayokorogeka ni salama. Yaliyokaza kama saruji chini ya maji masafi yanaonyesha chembe zimetawanyika kiasi cha kupangana moja moja hadi kukazana.

Hatua ya sita: ukaukaji, mara mbili

Hii ndiyo sehemu ambayo sijaona mtu akiifanya, na ndiyo iliyonitoa kwenye vikombe vilivyobanduka.

Chukua kipande cha kioo na kigae kilichochomwa mara ya kwanza, kile kinachonyonya maji. Laza kadi mbili za benki sambamba, kila moja ina unene wa milimita 0.76. Mwaga uji katikati, buruta rula iliyonyooka juu ya kadi. Una tabaka la unene unaojulikana. Weka kioo juu ya mizani, andika uzito kila dakika 5 kwa saa moja. Fanya hivyo kwa A, C na E, mahali pamoja, saa ile ile ya siku, mbali na upepo wa dirisha.

Ukichora namba hizo utaona mstari unateremka kwa ulalo mmoja, kisha unapinda. Kwenye sehemu iliyonyooka uso bado ni mbichi, na maji yanaondoka kwa amri ya hewa tu. Cha kushangaza, hapo A, C na E vinakwenda karibu sawa. Gundi haijazuia chochote. Chembe zinasogeleana na tabaka linasinyaa. Mstari unapopinda, hewa imeanza kuingia kwenye vitundu kati ya chembe, na sasa ndipo E inabaki nyuma, kwa sababu utando wa gundi umefunika njia za mvuke.

Linganisha na kigae. Kwenye kigae maji mengi hayapandi hewani, yananyonywa chini. A inakauka kwa sekunde chache, E inameremeta muda mrefu. Hapa ndipo CMC inapochelewesha: maji yaliyokuwa mepesi sasa ni mazito, nayo yanapita kwa shida kwenye vitundu vya kigae. Watu husema "gundi inachelewesha kukauka" kana kwamba ni jambo moja. Kwa kuchovya, ucheleweshaji mkubwa ni wa kunyonya.

Na hapo ndipo hewa ya Dodoma inapotega. Gundi nyingi inafanya glezi ibaki mbichi juu ya kikombe. Wakati huo upepo unakausha uso. Maji yanapopanda kwenda usoni yanabeba gundi isiyoshika chembe. Kukiwa na unyevu, minyororo inapata muda wa kurudi na kusambaa. Hewa ikiwa kavu na tabaka nene, maji yanaondoka kwa kasi kuliko minyororo inavyoweza kusambaa, gundi inarundikana juu. Unapata utando kama wa uji ulioachwa kwenye bakuli: juu mgumu, chini dhaifu. Utando unasinyaa, unavuta kingo, kipande kinajikunja. Vile vikombe vyangu arobaini vilikuwa na gundi asilimia 1, vimechovywa mara mbili, vimewekwa kwenye upepo.

Unene una kikomo chake pia. Rudia kwa kadi mbili zilizopandana, milimita 1.52. Utakuta mchanganyiko usiopasuka kwa kadi moja unapasuka kwa mbili, kwa sababu maji kati ya chembe yanavuta tabaka wakati wa kusinyaa, na tabaka nene lina nguvu nyingi zaidi zilizolimbikizwa za kufungua ufa. Gundi kiasi inasogeza kikomo hicho mbele. Ikizidi, unarudi kwenye utando.

Tabaka likishakauka, sugua kwa kidole uone vumbi, kisha bandika selotepu na kuivuta. A itatoa unga mweupe mkononi. Tafuta kikombe chenye gundi ndogo kuliko vyote ambacho selotepu inatoka nayo ukungu mwepesi tu.

Ninavyofanya sasa

Kwa kuchovya, glezi yangu yenye kaolini ya Pugu ilitulia kwenye C, asilimia 0.2. Yako inaweza kuwa B au D. Kwa brashi napandisha hadi karibu asilimia 1, lakini tabaka tatu nyembamba, kila moja ikauke ndipo nyingine ifuate. Kuanzia Julai, upepo unapokuwa mkali, nafuta vikombe kwa sponji yenye unyevu nusu saa kabla ya kuchovya, na baadaye navifunika kwa gunia bichi lililoning'inizwa, lisiguse. Saa sita hadi kumi mchana sichovyi. Masika sifuniki chochote, na kama ningekuwa kwenye D vikombe vingekuwa vibichi hadi jioni.

Kwa uji wa udongo wa kumimina kwenye kalibu za jasi, nakushauri uache CMC kabisa au uibakize kidogo mno. Ukuta wa kikombe ndani ya kalibu unanenepa kwa kipeuo cha pili cha muda: unene mara mbili unataka muda mara nne. Gundi inafanya maji yapite kwa shida zaidi, muda huo unarefuka, na mwishowe inaziba vitundu vya kalibu. Mabaki ya uji uliogusa jasi usiyarudishe ndooni bila kuyapima, maana jasi inayeyuka kidogo na kuachia kalisi.

Gundi inaoza. Kwa joto la Oktoba, maji ya CMC yanakaa siku chache tu kabla bakteria hawajaanza kukata minyororo. Dalili ya kwanza siyo harufu, ni chupa: sekunde zinapungua ingawa uzito wa mililita 100 haujabadilika. Ukiongeza unga wakati huo umekosea ugonjwa. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, mbali na chakula.

Tanurini gundi yote lazima iungue. Sehemu kubwa inaondoka kati ya nyuzi 200 na 500, kwa hiyo hapo panda taratibu, acha tundu la juu wazi, na usikae ndani ya chumba na moshi huo. CMC inaacha sodiamu kidogo, nayo kwa vipimo hivi haionekani kwenye glezi.

Juu ya kifuniko cha kila ndoo nimeandika kwa kalamu ya wino mzito. Ya leo inasema: C, maji ya mvua, gramu 144, sekunde 31 na baada ya kutulia 34, Agosti, sponji na gunia. Fundi wangu mdogo anapofungua ndoo anapima kwanza sekunde. Zikiwa chini ya 28, hachovyi, ananiita.